Somo la 34: Miti inayojua kiangazi

Katika Katanga ya kusini mvua hunyesha tangu Novemba hata Machi au Aprili. Kiisha mbingu hufungwa. Tangu Mei hata Septemba karibu halianguki tone. Juni na Julai kuna baridi usiku. Septemba na Oktoba jua ni kali, nyasi zimekauka na vumbi laruka. Wakati huo ndipo mtu ajuapo kama alichagua vema mimea ya bustani yake.

Kando ya njia iendayo Lubumbashi zilikuwako nyumba mbili zinazoelekeana. Katika lupango ya nyumba ya kwanza walipanda kabichi, maua ya waridi na majani mafupi ya kufunika uwanja, kama walivyoona mjini. Mwezi wa Machi bustani ile ilipendeza mno, na wapita njia walisimama kuitazama.

Mwezi wa Mei mvua ikakatika. Binti wa nyumba, mwenye miaka kumi, akapewa kazi ya kuteka maji: ndoo 4 asubuhi na ndoo 4 jioni. Tangu tarehe 1 Mei hata tarehe 30 Septemba ni siku 153. Ndoo 8 kila siku, jumla yake ni ndoo 1224. Na kisima kilikuwa mbali. Binti alifika darasani akiwa amechelewa, mikono ikimtetemeka, akalala usingizi juu ya daftari.

Lakini kazi ile haikufika hata mwisho. Mwezi wa Agosti maji ya kisima yakapungua, yakatosha tu kwa kunywa na kupika. Siku chache baadaye kabichi zikanyauka, waridi likakauka. Taabu yote ya binti ikapotea bure.

Katika nyumba ya pili alikaa mzee mmoja. Siku moja ya Oktoba binti alivuka njia, akaketi katika uvuli wa mti wake mkubwa. Mti ule ulikuwa na majani mabichi.

Akauliza, «Nkambo, nani anamwagia mti huu maji?»

Mzee akacheka. «Mjukuu wangu, mti huu ni mpundu. Nilipofyeka mahali hapa ili nijenge, niliukuta umesimama, nami nikauacha. Mti wa kwanza wa kuchagua ni ule uliokwisha kuota wenyewe. Sasa tazama kule mlimani. Unaona nini?»

«Naona miombo inatoa majani mapya mekundu.»

«Na mvua imekwisha kunyesha?»

«Bado, nkambo.»

«Basi, imepata wapi maji?»

Binti hakuweza kujibu. Mzee akamweleza. Miti ya miombo hupeleka mizizi yake chini sana, mahali ambapo udongo bado una unyevu. Tena huweka maji ndani ya shina lake. Kwa hiyo inaweza kuvaa majani mapya kabla ya mvua ya kwanza. Kabichi haina mizizi ya namna hiyo. Si mmea mbaya, lakini ilizoea nchi nyingine. Yafaa kuipanda kidogo, karibu na maji, si kuifanya bustani nzima.

Jioni baba wa binti alikuja kumsalimu mzee. Akasikia wanasema habari za kupanda masuku, akashangaa.

«Mzee, masuku ni matunda ya porini. Huokotwa bure. Kwa nini kuyapanda nyumbani?»

Mzee akajibu, «Mwanangu, pori liko wapi? Zamani lilianza pale nyuma ya nyumba. Wachoma makala wamekata, wakaendelea mbele, wakakata tena. Leo watoto wako wakitaka masuku, huyanunua sokoni. Tena kumbuka wakati yanapoiva: ni Novemba na Desemba. Wakati huo ghala imekuwaje?»

Baba akanyamaza. Alijua kwamba katika miezi hiyo unga wa bukari hupungua, na mahindi mapya bado ni machanga shambani. Watoto wake walikuwa wamelala na njaa mwaka uliopita.

Mvua ilipoanza, baba na binti walifanya kama mzee alivyowafundisha. Na mafundisho yake ni haya.

1. Mbegu. Mbegu za masuku hazitunziki. Zikikauka, hufa. Mtu akiisha kula nyama ya tunda, azioshe na kuzipanda katika juma lilo hilo.

2. Udongo. Chini ya msuku mkubwa porini yafaa kuchota udongo kidogo na kuuchanganya na ule wa chombo cha kuoteshea. Ndani ya udongo ule mna nyuzi nyembamba za uyoga, yaani za bowa. Nyuzi hizo hushikana na mizizi na kuusaidia mti kupata chakula katika ardhi maskini. Bila rafiki huyo mche hudhoofika.

3. Hesabu ya miche. Kuna misuku ya kiume na misuku ya kike, nayo ya kike peke yake huzaa matunda. Mche ukiwa mdogo haujulikani ni wa namna gani. Basi ipandwe miche 5 au 6, si mmoja.

4. Wakati wa kupanda. Miche ihamishwe mwanzo wa masika, udongo ukiisha kulowa vizuri. Hivyo mizizi hupata miezi mingi ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Mahali panapotuama maji hapafai.

5. Maji. Katika kiangazi cha kwanza mche upewe maji mengi mara moja kwa juma, si kidogo kidogo kila siku. Maji yakishuka, mizizi huyafuata. Maji yakibaki juu, mizizi nayo hubaki juu, na jua huiunguza.

6. Ulinzi. Nyasi kavu zitandazwe kuzunguka mche ili kuzuia jua, lakini zisiguse shina, kwani huleta mchwa. Tena kabla ya mwezi wa Julai nyasi zote za jirani zifyekwe, kwa sababu moto wa porini huua misuku michanga.

Katikati ya miche walipanda kunde na njugu-mawe, mimea ya Afrika tangu zamani. Mizizi ya kunde ina vinundu vinavyorutubisha udongo. Majani yake walichuma wakati wa masika, wakayakausha, wakayaweka kwa mboga ya kiangazi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, kisima kilipungua tena. Lakini bustani ilitaka ndoo 3 tu kwa juma, nusu ndoo kwa kila mche. Binti alifika shule kengele ikilia, akaandika kwa mkono uliotulia.

Msuku uliopandwa kwa mbegu huweza kukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa. Siku hizi watu wanaojua kupandikiza huunga tawi la mti wa kike uzaao juu ya mche, na mti huo huzaa mapema zaidi. Hata hivyo kazi hii yataka saburi. Mzee alijua kwamba pengine hatakula masuku ya jirani yake. Alifundisha tu, kwani yeye naye alikula matunda ya miti asiyoipanda.

Mungu alipomweka mtu katika bustani, alimpa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Anayelima tu bila kutunza, hufanya nusu ya kazi.

Maulizo

1. Kwa nini bustani ya nyumba ya kwanza ilikauka?
2. Miombo hupata wapi maji ya kutoa majani mwezi wa Oktoba?
3. Kwa nini haifai kupanda msuku mmoja tu?
4. Mzee alimjibu baba nini juu ya matunda ya porini?
5. Hesabu: Mche mmoja wapata nusu ndoo kwa juma. Miche 6 itataka ndoo ngapi kwa majuma 22?
6. Taja miti mitatu ya kwenu inayobaki na majani mabichi mwezi wa Septemba. Uliza wazee majina yake na kazi yake.