Usingizi Uliponihama

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike juu ya ngeli, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, na watu wa hapa Sotik hudhani mtu wa pwani huzaliwa na ngeli zote kinywani. Nilikataa. Nimeonelea afadhali niandike juu ya jambo ninalolijua kuliko ngeli, nalo ni kukosa usingizi. Muhula wa kwanza wote sikulala vyema, na najua siko peke yangu, maana baada ya chakula cha mchana huona vichwa darasani vikianguka kama vya kuku wenye kideri.

Kwanza nieleze yaliyonifika. Nilikulia Kilifi hadi nilipomaliza kidato cha pili. Mwezi wa Desemba mama alipata kazi ya nyumbani huko Saudia. Nyumba yetu ya kukodi ikafungwa, vyombo vikapelekwa kwa nyanya, nami nikaletwa huku kwa mama mdogo ambaye ameolewa na Mkipsigis. Safari ni zaidi ya kilomita 700. Nilifika usiku, mvua inanyesha, baridi ikanishika hata meno yakagongana. Walinipokea vizuri sana, nisiwasingizie. Lakini usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, wala uliofuata, wala wa tatu.

Nilikuwa nikilala saa tatu na nusu na watoto wawili wa mama mdogo. Wao wakifumba macho tu wamekwenda. Mimi nasikiliza: mvua juu ya mabati, mbwa wa jirani, na kwa mbali feni za kiwandani zinazonyausha majani chai usiku kucha. Kilifi pia kuna kelele, si mnajua, bodaboda na minazi na redio ya jirani, lakini zile nilizizoea. Kisha mawazo yanaanza. Mama amekula? Huko anakofanya kazi wanamsemesha vizuri? Tutarudi lini, na tutarudi nyumba gani, maana ile yetu sasa anakaa mtu mwingine? Nikitazama saa, ni saa saba. Nikitazama tena, saa tisa. Saa kumi na moja mama mdogo ananiamsha niende shule.

Matokeo yake hayakukawia. Hisabati nilishuka kutoka alama 61 hadi 38. Nikawa na hasira za bure, hata siku moja nikampiga mdogo wangu kofi kwa sababu aliniuliza neno mara mbili. Alikuwa akiuliza maana ya 'bahari'. Hilo kofi linaniuma hadi leo.

Mwalimu wetu wa ushauri nasaha ndiye aliyenipa vitu vya kusoma, na humo nikakutana na habari ya kunishangaza. Mwaka 1688 kijana wa miaka 19 aitwaye Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari katika mji wa Basel nchini Uswisi, aliandika tasnifu juu ya maradhi ya kutamani kwao. Aliyapa jina la nostalgia, neno aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, yaani kurudi nyumbani na maumivu. Miongoni mwa dalili alizozitaja ni huzuni isiyoisha na usingizi kuvurugika. Alisimulia kisa cha mwanafunzi kutoka Bern aliyekuja kusoma Basel, akaugua hata ikadhaniwa atakufa. Dawa iliyoonekana ni kumrudisha kwao, na akiwa bado njiani akaanza kupata nafuu! Nami nikatazama ramani nikaona kutoka Bern hadi Basel hakufiki hata nusu ya kutoka hapa hadi Nairobi.

Habari hiyo ilinifariji, kwamba jambo hili halikuanza na mimi. Lakini pia ilinitia uchungu. Yule kijana wa Bern alikuwa na kwao pa kurudishwa. Mimi kwetu pamefungwa, na mama yuko ng'ambo ya bahari kwa mkataba wa miaka 2. Je, asiyeweza kurudi nyumbani atakesha miaka miwili?

Jibu nililipata katika kazi ya mtaalamu wa usingizi wa Marekani, Arthur Spielman. Mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza kwamba kukosa usingizi kuna sababu za aina tatu. Kuna zile za maumbile, kwamba watu wengine ni wepesi wa kukesha kuliko wengine. Kuna lile tukio linaloanzisha, kama msiba, mtihani au kuhama. Kisha kuna mazoea yanayouendeleza mkesho hata baada ya tukio lenyewe kupoa. Nilipomweleza baba mdogo, ambaye hufanya kazi kwenye boila la kiwanda cha chai, alicheka akasema: "Hiyo ni moto tu. Kiberiti kinawasha mara moja kinazimika. Boila inawaka usiku mzima kwa sababu sisi tunatia kuni."

Basi nikaketi kutafuta kuni zangu. Kiberiti, yaani kwenda kwa mama, sikuweza kukifanya lolote. Kuni nilizipata nne.

Ya kwanza ilikuwa chai. Tunaishi katikati ya chai, tunaipita tukienda shule na tunaikuta mezani tukirudi, na kwa mama mdogo chai ya mwisho hunywewa saa mbili usiku, nzito, ya maziwa. Ndani ya chai mna kafeini, ambayo mmea hujitengenezea ili kujikinga na wadudu. Mtu anapokuwa macho mchana kutwa, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, na hicho ndicho kinachotuletea uzito wa macho jioni. Kafeini huenda ikakaa mahali pa adenosini na kuizuia isifanye kazi. Tena haitoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Kikombe cha saa mbili usiku, basi, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa saba. Strungi nayo ni vivyo hivyo, msidanganyike kwamba ubaya uko kwenye maziwa. Kukataa chai katika nyumba ya watu si jambo dogo, lakini nilimweleza mama mdogo na sasa usiku hunitilia maziwa matupu ya moto.

Ya pili ni kulala Jumamosi hadi saa nne ili kulipa deni. Nililipa deni Jumamosi nikakopa upya Jumapili, kwa maana aliyeamka saa nne hawezi kuwa na usingizi saa tatu usiku. Mwili una saa yake, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga wa asubuhi. Hapa kwetu, chini ya digrii 1 kusini mwa ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo hatuna kisingizio. Sasa naamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, na safari yangu ya miguu kwenda shule ndiyo dawa yangu ya mwanga.

Ya tatu ilikuwa simu, na hapa nitakaa kidogo. Mama humaliza kazi usiku sana. Alikuwa akipiga simu saa tano, siku nyingine saa sita, na mimi nilikuwa nikiiweka simu ya mama mdogo chini ya mto nikingoja itetemeke. Asipopiga nakesha kwa wasiwasi. Akipiga nakesha kwa machozi. Mtu mwenye wasiwasi mwili wake hutoa homoni za kumfanya awe macho, kama anayesubiri adui, na moyo ukienda mbio namna hiyo usingizi utaingilia wapi? Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumwambia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bado hujalala?"

"Mama, nikikusubiri silali."

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye nakuamsha. Nami hupiga ili nipate usingizi." Nilijua siku hiyo kwamba tulikuwa wawili wenye ugonjwa mmoja. Tukakubaliana kwamba usiku atanirekodia sauti, nami niisikilize jioni nikitoka shule, nimjibu kukiwa bado na mwangaza. Tunazungumza Ijumaa tu, mapema. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko zote. Ya pili ikawa afadhali.

Kuni ya nne ndiyo iliyonishinda zaidi, nayo ni kitanda chenyewe. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alitoa mashauri yanayotumika hadi leo. Alisema mtu akigaagaa kitandani usiku baada ya usiku, mwili hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Kwa hivyo panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Usikifanye pa kusomea wala pa kuhangaikia. Ukiona umekaa hujalala, toka, nenda chumba kingine, urudi ukisikia usingizi. Usilale mchana. Amka saa moja ileile kila siku.

Ni maneno mazuri, lakini naona aliwaandikia watu wenye vyumba. Mimi kitanda ndicho kilikuwa meza yangu ya kusomea, kiti changu na kabati langu. Na wenzetu waliokodi chumba kimoja karibu na shule, watatokea waende wapi saa saba za usiku? Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilihamisha vitabu vyote jikoni. Mtungi wa maji wa lita 20 nikaugeuza kiti. Nikikosa usingizi huamka polepole nisiwaamshe wadogo, nikaketi juu ya mtungi nimejifunga blanketi, na nikachagua mchele au maharagwe ya kesho kwa mwanga mdogo. Kazi hiyo haina raha wala haina taabu, na mama mdogo ameifurahia. Saa huwa nimeigeuzia ukutani. Usiku wa kwanza nilitoka kitandani mara nne. Baada ya wiki tatu, mara moja, na siku nyingine hata sitoki. Mwenye chumba kimoja bado anaweza kugeuza kona: apange kigoda kando ya mlango, na kitanda abaki nacho kwa kulala tu.

Nikaongeza daftari. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, na wenzake waliwapa vijana 57 wa miaka 18 hadi 30 dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo waliyobakiza kuyafanya, nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yaliyobaki walipata usingizi mapema kuliko wenzao kwa kadiri ya dakika 9. Mimi huandika saa moja jioni: zoezi la Kemia, soksi za kufua, swali la kumuuliza mama. Swali likiwa karatasini halinifuati.

Yapo niliyoyajaribu yakanishinda. Kuhesabu mbuzi kulinifanya nikumbuke mbuzi wa nyanya. Mwenzangu mmoja alinipa vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua, ati vinalaza. Vililaza kweli, lakini darasani, kesho yake. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani cha magonjwa ya ndani kilishauri kwamba watu wazima wenye tatizo sugu watibiwe kwanza kwa kubadilisha mawazo na mazoea kabla ya vidonge, sembuse sisi tunaopeana vidonge mfukoni. Na anayekesha usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, au anayefikia kutamani kufa, asingoje mashauri ya jarida. Amwone mwalimu au aende zahanati, au apige simu 116 ya Childline Kenya, ambayo ni ya bure.

Walimu wangu, mtanisamehe kwa neno moja. Kijana wa umri wetu anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayeamka saa kumi na moja ili awahi masomo ya alfajiri, hesabu hiyo itimie vipi na kazi ya nyumbani ni ya masomo matano? Nauliza tu.

Sijapona kabisa. Wiki ya mtihani nilirudi juu ya mtungi usiku mara tatu, na siku mama alipokuwa na homa sikulala hata kidogo, wala sikujaribu. Hisabati nimefika 54. Yule mdogo wangu wa lile kofi nimemwahidi kwamba siku mama akirudi nitampeleka Kilifi akaione bahari kwa macho yake. Daftari langu lina kila usiku tangu mwezi wa Machi, na anayetaka kuona nilivyolipanga aniulize wakati wa mkutano wa chama, Alhamisi. Kurasa tatu za kwanza nimezibandika kwa gundi.