Mtoto Yuko Gredi ya 9? Vidokezo kwa Wazazi wa Eastlands

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini huku Kayole na Umoja mtu bado anakusimamisha dukani kukuuliza, "Wako alipata ngapi?" Hesabu imebadilika, mzazi.

1. Jua alama zinatoka wapi. Mtihani wa KJSEA, wa mwisho wa Gredi ya 9, ni asilimia 60 tu ya alama zake za mwisho. KPSEA ya Gredi ya 6 ina 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina 20 zilizobaki. Ukishtuka muhula wa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 40 imeshaandikwa. Zile tathmini unazoambiwa ni "za darasani tu" zifuatilie.

2. Mradi si wako. Sukumawiki za somo la Kilimo zitaota hata kwenye gunia kando ya ngazi za ploti. Kazi yako ni kumtafutia gunia na udongo. Kumwagilia ni kwake.

3. Sheng ibaki nje ya insha. Acha apige stori na wenzake apendavyo, ila nyumbani asome ukurasa mmoja wa Taifa Leo kwa sauti. Kisha chukua daftari lake uone: "Alinipea kitabu yangu." Mwachie kalamu arekebishe mwenyewe: "Alinipa kitabu changu." Makosa ya namna hii humpunguzia alama kimyakimya, na tuisheni haiyatibu.

4. Tuisheni yenyewe? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza ile ya likizo. Mimi pesa hizo ningenunulia kamusi.

5. Tafuta utulivu. Kinyozi chini, kesha la kanisa juu, nani atasoma? Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, ziko huku kwetu. Vinginevyo, alfajiri saa kumi na moja, kabla ya honi za matatu.

6. Shule ya Gredi ya 10 chagueni pamoja. Kundi la kwanza, 2025, lilijaza shule 12, na wengi walikimbilia majina makubwa tu. Anzeni na mkondo: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Huu wa mwisho haupatikani kila shule, kwa hivyo kama wako ni wa ngoma au soka, ulizia kabla hajajaza. Shule ya kutwa anayofika kwa miguu nayo usiidharau. Piga hesabu ya nauli, sanduku na godoro kwanza.