Bei ya Sado na Bei ya Kilo

Mlaji wa Kahe anayelinganisha bei ya nyanya gulioni na ile ya maduka ya Moshi mjini hukutana na vipimo viwili: mkulima huuza kwa sado au kwa fungu, duka huuza kwa kilo. Sado hupima ujazo, si uzito. Nyanya kubwa huacha nafasi wazi ndani yake, na sado iliyobonyea hupunja zaidi. Tunashauri mzigo upimwe kwenye mizani kabla ya kulipa.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa sado inauzwa shilingi 3,000 na ina kilo 2 na nusu. Kila kilo ni shilingi 1,200, nafuu kuliko dukani inakouzwa 1,400. Lakini nusu kilo ya chini ikiwa imeoza, kilo 2 zinazobaki zimemgharimu mnunuzi shilingi 1,500 kila moja. Ndiyo maana tunasisitiza kuchagua nyanya moja moja, ingawa baadhi ya wauzaji hawapendi.

Wala haifai kukimbilia mjini kwa sababu hiyo pekee: shilingi 200 zinazookolewa katika kilo 2 hazitoshi nauli ya kwenda na kurudi. Aliyekwenda kwa shughuli nyingine ndiye atakayefaidika.