Kuandika Sufra ya Idi Kisii na Nyamira



Somo letu la leo latokana na swali tuliloulizwa darasani na mama mmoja wa Mombasa, ambaye binti yake ameolewa na kijana Mwislamu wa Kigusii na sasa akaa naye katika milima ya Nyamira. Binti ataka kuandika sufra nzuri siku ya Idi ya Mfunguo Mosi, awaalike wakwe zake. Naye amemletea mama yake waraka wa vitu anavyotaka apelekewe: sahani za kauri za watu 12, vikombe vya kahawa, masinia, kawa, mikeka ya rangi, na birika la kunawia. Mama auliza, je, hii ni haki ya Idi au ni israfu? Kwa kuwa baadhi yetu tulipata kula Idi huko bara mwaka mmoja, twaona tuna la kujibu, ijapokuwa sehemu kubwa ya jibu ni kosa letu wenyewe.

Kwanza na ijulikane kwamba uzuri wa sufra si jambo la kulaumiwa. Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ameamrisha watu wachukue mapambo yao kila waendapo kuswali, na wale na wanywe. Kisha papo hapo akakataza kupita kiasi. Amri na katazo zimo katika aya moja, lakini sisi tumezigawana. Wengine wameshika lile la kwanza wakalisahau la pili, na wengine wameshika la pili wakaila Idi yao sufuriani, kama watu wanaohama nyumba. Anas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila juu ya sufra, wala hakula juu ya meza iliyoinuka, hata hivyo wanavyuoni hawakuifanya meza kuwa haramu. Kilichokatazwa wazi, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ni vyombo vya dhahabu na fedha. Basi mwenye meza na aandike mezani, na mwenye mkeka na atandike mkekani. Ama kukopa shilingi ili zinunuliwe sahani za siku moja, kisha deni lilipwe mpaka Mfunguo Tatu, hilo halihitaji maneno mengi. Na kabla ya sahani ya kwanza kuwekwa, pishi ya Zakatulfitri, yaani karibu kilo 2 na nusu za chakula kwa kila mtu wa nyumbani, iwe imekwisha kutoka kabla ya swala.

Sasa tueleze kosa letu. Mwaka ule tulifika kwa jamaa yetu, naye pia amechanganya damu na Wagusii, siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Tukafungua mizigo yetu na kutoa kila ufundi wa pwani: mkeka wa ukindu, kitambaa cheupe cha kufuma, masinia matatu, kawa, chetezo na udi. Hata asumini tulichukua, ikatufia njiani, maana kutoka Mombasa ni karibu kilomita 800. Asubuhi ya Idi tulikwenda kuswali Kisii mjini, ambako Waislamu wapo tangu zamani za boma, wakiwamo Wanubi. Tuliporudi, sufra ilikuwa imetandikwa katika chumba kikubwa cha nyumba, pilau inatoa moshi, kachumbari na sambusa pembeni, na kila kitu kimewekwa kama kinavyowekwa kwetu.

Wakwe wakaja kutoka ng'ambo ya bonde. Mzee, baba wa mwenye nyumba, alifika mpaka karibu na mlango, akatuamkia kwa furaha, kisha akageuka akaenda kuketi chini ya mparachichi. Tulimwita. Akasema yu vyema pale. Tulimwita mara ya pili na ya tatu, na kila mara alicheka akapunga mkono. Hapo pakaanza minong'ono. Mmoja wetu akasema kwamba mzee si Mwislamu na ameona kinyaa kula chakula chetu; mwingine akaona afadhali tuanze, pilau isipoe. Mkaza mwana wake, binti wa pwani aliyepika tangu alfajiri, akaingia chumbani akilia. Ndipo mwenye nyumba alipotokea kutoka kuteka maji, akaona hali, akashika kichwa. Kwa mila ya Wagusii, akasema, baba hatii mguu katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hali pamoja na mke wa mwanawe. Mzee hakutukataa, sisi ndio tuliomwandikia chakula mahali asipoweza kufika. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akajibu kwamba aliona haya kuwafundisha wageni.

Mambo hayo ya heshima baina ya wazazi na wana, na baina ya wakwe, wao huyaita chinsoni. Msomaji na asikilize neno hilo vizuri, kwani nasi tunalo: ni soni, yaani haya. Neno ni moja, ila wao wamelijengea mipaka ya nyumba, na sisi twalitumia kwa mtu aliyefedheheka tu. Na mama aliyetuuliza na ajue kwamba mipaka hiyo yamhusu yeye pia: mkwewe wa kiume akikataa kuketi naye penye sinia moja, asidhani amechukiwa.

Je, sheria yasemaje? Mkaza mwana kwa baba mkwe ni maharimu, kama ilivyo katika sura ya An-Nisaa, aya ya 23, kwa hivyo dini haikuwakataza kuketi chumba kimoja. Lakini haikuwalazimisha pia kula pamoja, na kanuni ya mafakihi ni kwamba desturi njema isiyogongana na Qur'ani wala Hadithi huangaliwa. Kumheshimu mzee kwa namna aijuayo yeye ni katika wema. Tusilolichukua ni itikadi ya kwamba mipaka hiyo ikivunjwa lazima litafutwe chinjo la kuwaridhisha wafu. Hilo tuliliweka mbali, na kijana mwenyewe alikuwa ameliacha zamani.

Basi tuliitandika sufra upya, na namna tulivyofanya ndivyo tumshaurivyo binti wa Nyamira. Ziwe sufra mbili, zote nje ya vyumba. Ya wazee iwekwe uwanjani chini ya mti, na ya mwenye nyumba, mkewe na vijana iwe barazani, mbali kidogo, mahali wanaposikilizana lakini hawatazamani sahani kwa sahani. Vyombo vya pande zote mbili viwe sawa. Isiwe kauri ndani na bati lililomenyuka nje, kwani mtu mzima huona. Na turubai liwe tayari. Nchi ile ina mvua karibu mwaka mzima, na mara nyingi hunyesha alasiri. Sisi ilitukuta katikati ya tambi. Tena Kisii mjini ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, chakula hupoa upesi kuliko kwetu. Kawa zina kazi kubwa zaidi huko, na sahani zipashwe moto kabla ya kupakua.

Kuhusu vyombo, twastaajabu mtu wa Kisii kuagiza kauri kutoka Mombasa. Huko Tabaka, upande wa kusini wa Kisii, kuna machimbo ya lile jiwe laini ambalo mafundi hulichonga likiwa limelowa, wakalisugua ndani ya maji mpaka likawa kama pembe. Liko jeupe, liko la waridi, liko la kijivu. Bakuli la jiwe hilo likitiwa tende au halwa na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe, hapana kauri itakayolishinda. Lakini anunuaye na achague lililo tupu, lisilopakwa rangi wala dawa ya viatu, kwani mengine hung'arishwa hivyo kwa ajili ya watalii. Wala asilikate kwa kisu, lachubuka. Yale yaliyochongwa sura za watu na wanyama ayaache dukani. Kadhalika kuna ekee, kikapu kilichosukwa kwa ufundi mkubwa ambamo Wagusii hutilia ugali wa wimbi. Tuliiweka ekee katikati ya masinia mawili ya pilau, na mama mkwe alipoiona alisogea karibu bila ya kuitwa. Majani ya mgomba, yaliyooshwa na kupitishwa motoni kidogo yasipasuke, yalitosha kuwa vitanda vya matunda. Asumini tuliyoililia hapana aliyeikumbuka.

Chakula chenyewe hakikutupa taabu. Wazee wale, kama wengi wa Kisii na Nyamira, ni Waadventista, nao hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Nyama ilichinjwa na Mwislamu, wakaila kwa moyo safi. Nasi tukala mgagani wa bibi, wauitao chinsaga, uliolala na maziwa usiku kucha kupunguza uchungu wake. Sura ya Al-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu kwetu na chetu kwao, na mboga haina ubishi wowote. Pilau mzee aliionja kwa adabu. Ugali wa wimbi aliula.

Kwa hivyo, mama, jibu letu ni hili. Usiuze mkufu ili ununue sahani 12. Mpelekee mwanao mikeka miwili iliyo sawa, kawa, birika, udi kidogo, na kahawa na halwa, ambayo huko haipatikani kwa urahisi. Chai asipelekewe, Nyamira ni nchi ya chai. Bakuli ayanunue Tabaka, ekee aiombe kwa mama mkwe wake, na mahali pa kutandika amwulize mumewe wiki moja kabla, hata kama mume ataona haya kusema.

Jioni ile tuliwapelekea wazee ng'ambo ya bonde mabakuli mawili ya jiwe, moja la halwa na moja la visheti. Kesho yake asubuhi mjukuu aliyarudisha: moja lilijaa ndizi mbivu, la pili lilikuwa na mayai, na juu yake jani la mgomba lililokunjwa vizuri kwa kuyafunika.