Ubora wa Yai na Hadhi ya Mtoto



Wanandoa wengi wanaohangaikia kupata mtoto huambiwa watumie vidonge vya antioksidanti ili kuboresha mayai ya mwanamke kabla ya kutungisha mimba maabara. Tujiulize mambo mawili: je, vinasaidia? Na mwamini avitazameje?

1. Sayansi inasema nini?

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni 1 hadi 2. Nguvu ya yai hutoka kwenye mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati. Kazi hiyo huzaa molekuli kali za oksijeni. Zikiwa kidogo, mwili unazihitaji. Zikizidi, hudhuru seli, na uwezo wa yai kujilinda hupungua kadiri umri unavyosogea. Antioksidanti, kama vile vitamini C, vitamini E na koenzaimu Q10, huzituliza molekuli hizo.

Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia majaribio 63 yaliyohusisha wanawake 7,760 wenye shida ya kupata mimba. Waliona kwamba huenda antioksidanti zinasaidia, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu. Basi, anayeuza vidonge hivyo kwa kuahidi mtoto anaahidi asichoweza kutoa. Tena, shida huweza kuwa kwa mume vilevile. Wote wawili wapimwe.

2. Maadili yanasema nini?

Katika falsafa tunajifunza kwamba tendo hupimwa kwa kile kinachotendwa, nia na mazingira yake. Kidonge peke yake si dhambi. Mke akikitumia kwa ushauri wa daktari ili mwili wake ushike mimba katika tendo la ndoa, anatafuta tiba. Katekisimu (na. 2375) inahimiza utafiti wa kupunguza utasa.

Kidonge hichohicho kikiandaa mayai kwa ajili ya maabara, kinaingia katika tendo jingine. Hati za Donum Vitae (1987) na Dignitas Personae (2008) zinakataa njia hiyo kwa sababu inatenga uzazi na tendo la ndoa, na mara nyingi viinitete hugandishwa au kutupwa. Nia njema ya wazazi haibadilishi kinachotendwa.

3. Tuangalie neno “ubora”

Yai ni seli ya mwili wa mama. Kupima ubora wake si kosa. Lakini maabara huendelea kutumia neno hilohilo hata baada ya yai kuungana na mbegu ya baba, na viinitete hupangwa kwa madaraja. Hapo ndipo tunapopaswa kusimama. Huyo si malighafi tena; ni uhai wa binadamu ulioanza safari, nao haupewi alama.

Kwa sababu hiyohiyo, mtoto aliyezaliwa kwa njia ya maabara, tangu Louise Brown wa Uingereza mwaka 1978, ana hadhi ile ile ya kila mtoto. Tunachokataa ni njia; mtoto tunampokea.

Nasi katika jumuiya ndogondogo tuache kuwauliza wanandoa, “Mtoto lini?” Swali hilo huwasukuma wengi kwa wauza ahadi. Ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili, na mtoto ni zawadi, si deni tunalowadai jirani zetu.