Nusu Haitoshi: Jeni Inayotandaza Mishipa ya Damu Katika Kiinitete

Katika wiki ya tatu baada ya yai kutungishwa, kiinitete kina urefu wa takribani milimita 2, na huenda mama bado hajatambua kuwa ni mjamzito. Hata hivyo, nje kidogo ya kiinitete, katika kifuko cha kiiniyai, seli zimekwisha kujikusanya katika vishada: za ndani huwa chembe za damu, za pembezoni hujipanga kuwa ukuta wa mshipa. Karibu na siku ya 22 moyo huanza kupiga.

Jeni zinazosimamia kazi hiyo ni nyingi, lakini iliyo muhimu kuliko zote kwa mhudumu wa afya ni VEGFA, iliyoko katika kromosomu ya 6. Huwashwa na uhaba wa oksijeni. Oksijeni ikiwa ya kutosha, protini iitwayo HIF huharibiwa punde tu inapotengenezwa. Ikipungua, HIF husalimika, huingia katika kiini cha seli na kuiamsha VEGFA. (Ugunduzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni ulipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.) Protini itokanayo na jeni hiyo, VEGF, husambaa hadi kwenye mshipa wa jirani. Hapo seli moja ya ukuta huchomoza kuelekea penye uhaba, na kwa njia ya protini mbili, DLL4 na Notch, huzizuia seli za kando yake zisichomoze nazo. Kizuizi hicho kisipokuwapo, mishipa huchipuka kwa wingi lakini haipitishi damu ipasavyo.

Jeni nyingi huwa na nakala mbili, ya baba na ya mama. Moja ikiharibika, ya pili aghalabu hutosha. VEGFA si hivyo. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yaliondoa nakala moja tu katika panya, na viinitete vikafa kati ya siku ya 11 na ya 12, mishipa yake ikiwa haikukamilika. Mwaka 2000 ikathibitika kwamba kuzidisha kiwango hicho mara mbili au tatu nako huua. Panya si binadamu, lakini tahadhari inayotokana na hayo haipaswi kupuuzwa.

Dawa ya bevacizumab hutibu baadhi ya saratani, zikiwemo za utumbo mpana na shingo ya kizazi, kwa kuinasa VEGF hiyo hiyo. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe ujauzito kabla ya kuanza dawa, kisha atumie uzazi wa mpango wakati wote wa matibabu na kwa miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Akishika mimba katika kipindi hicho, amweleze daktari mara moja. Dawa hiyo pia huchomwa ndani ya jicho kwa wagonjwa wa kisukari ambao retina zao zimeathirika. Dozi ya jicho ni ndogo, lakini sehemu yake huingia katika damu. Kwa hiyo swali la ujauzito liulizwe hata katika kliniki ya macho.