Mpira Usio na Upepo: Somo Kutoka kwa Kocha John Thompson

Somo la familia
Maandiko ya kusoma pamoja: Luka 12:13-21, 2 Timotheo 1:3-7



Vijana wetu wanaocheza mpira wa kikapu jioni joto likipungua huenda wanawajua Patrick Ewing na Allen Iverson. Wengi hawamjui mtu aliyewafundisha wote wawili chuoni. Ni John Thompson, kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo cha Kikatoliki mjini Washington, tangu 1972 hadi 1999.

Ofisini kwake aliweka mpira wa kikapu uliotolewa upepo. Kila kijana aliyeingia aliuona pale, umebonyea, haufai kwa mchezo wowote. Naye aliwaeleza maana yake: usikubali maisha yako yote yawe ni ule upepo kidogo ulio ndani ya mpira. Siku goti litakapoumia na mashabiki watakapokwenda kumshangilia mwingine, utakuwa nani?

Sisi nasi tuna mpira wetu. Kwa mmoja ni mkataba wa miaka miwili, kwa mwingine ni iqama, kazi nzuri hospitalini au riyali zinazotumwa nyumbani kila mwezi. Ni baraka, na tunamshukuru Mungu. Lakini upepo hutoka. Yule tajiri wa Luka 12 hakulaumiwa kwa sababu shamba lake lilizaa sana. Alilaumiwa kwa kuiambia nafsi yake kwamba ghala likijaa, maisha nayo yamekamilika.

1. Mama aliyesomea ualimu na kusafisha nyumba za watu

Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941. Baba yake, Robert, alifanya kazi katika kiwanda cha vigae, na hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake, Anna, alikuwa amesomea ualimu, lakini katika nchi iliyowabagua watu weusi hakupata darasa la kufundisha. Akafanya kazi ya kusafisha nyumba za watu.

Akina dada, tusipite hapa haraka. Wapo kati yetu wenye vyeti vya ualimu, uuguzi na uhasibu, vimefungwa vizuri ndani ya sanduku, na mchana kutwa jina wanaloitwa ni "kadama". Anna alilijua jambo hilo. Mwanawe naye alipata shida ya kusoma, hata shuleni wakamwona kuwa hafundishiki. Katika shule nyingine alikutana na mwalimu wa kike aliyemvumilia, na mtoto yule akasoma mpaka akahitimu Chuo cha Providence mwaka 1964.

Baadaye, alipokuwa kocha, alijulikana kwa taulo nyeupe aliyoiweka begani kila mechi. Mama yeyote anayeosha vyombo anaijua taulo ya namna hiyo.

Paulo anapomwandikia Timotheo, haanzi na vipawa vya kijana huyo. Anaanza na imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Watoto wengi wa ushirika huu leo wanalelewa na bibi zao kule nyumbani. Tusiwadharau akina Loisi hao, na tusiwaachie kazi yote peke yao.

2. Alileta mwalimu kwanza

Thompson alipoichukua timu ya Georgetown, ilikuwa imetoka kwenye msimu wa kushinda mechi 3 na kupoteza 23. Mmoja wa watu wa kwanza aliowaleta hakuwa mchezaji. Alikuwa Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha vijana wanasoma. Siku ya mechi aliketi kwenye benchi pamoja na makocha. Karibu wachezaji wote waliokaa na Thompson miaka yote minne walipata shahada.

Vikombe navyo vilikuja. Mwaka 1984 Georgetown iliifunga Houston 84 kwa 75 katika fainali, na Thompson akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa huo wa vyuo vya Marekani. Hakupenda kusifiwa kwa kuwa wa kwanza, kana kwamba waliomtangulia hawakuwa na uwezo. Alijua kwamba walinyimwa nafasi.

Januari 1989 chama cha michezo ya vyuo kilipitisha kanuni ya kuwanyima ufadhili vijana wasiofikia alama fulani za mitihani. Thompson aliona kwamba watoto wa maskini ndio watakaofungiwa mlango. Mechi yao na Boston College ilipokaribia kuanza, aliondoka uwanjani kwa kupinga. Baadaye kanuni ile ilirekebishwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto aliyeambiwa hawezi.

3. Kukumbatia aliyekosea

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, sauti yake ilitisha, na watu wengi walimwona mgumu wa kufikika. Lakini tazameni fainali ya 1982. Georgetown walikuwa nyuma ya North Carolina kwa pointi moja, 63 kwa 62, na sekunde chache zimebaki. Kijana wake Fred Brown akachanganyikiwa, akampa mpira mchezaji wa upande wa pili. Ubingwa ukapotea mbele ya macho ya nchi nzima. Thompson alimfuata, akamkumbatia. Miaka miwili baadaye, siku ya ubingwa, walikumbatiana tena.

Wazazi, mtoto akileta matokeo mabaya, au tukisikia kwa simu kwamba amekosea, neno gani linatutoka kwanza? "Najinyima huku kwa ajili yako, nawe unanilipa hivi?" Neno hilo huumiza kuliko fimbo. Baba wa mwana mpotevu alikimbia kwanza, mazungumzo yakafuata.

4. Kijana wa Kinshasa

Mwaka 1987 kijana Mkongo, Dikembe Mutombo, alifika Georgetown kwa ufadhili wa masomo. Nia yake ilikuwa kuwa daktari, na Kiingereza kilikuwa kinamsumbua. Thompson alimwingiza kwenye timu, na kijana akaendelea kusoma. Mwaka 1991 alihitimu isimu na diplomasia, kisha akacheza miaka 18 katika ligi kuu ya Marekani.

Udaktari hakuupata, lakini alichangia dola milioni 15 kujenga hospitali mjini Kinshasa yenye vitanda 300, akaiita kwa jina la marehemu mama yake, Biamba Marie Mutombo. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Thompson alifariki Agosti 2020, na Mutombo Septemba 2024. Mpira wa wote wawili umeisha upepo. Wagonjwa wanaendelea kutibiwa.

Tufanye nini wiki hii?

Tunapopiga simu nyumbani, mara nyingi mazungumzo huwa: "Pesa imefika?" "Imefika." Kisha tunaagana. Wiki hii, kabla ya kutaja pesa, muulize mtoto amesoma nini, na nini kimemshinda. Msikilize mpaka amalize, kisha omba naye hata dakika mbili. Mkataba utaisha. Sauti ya mzazi aliyeuliza na kuomba itabaki kwa mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Kwa familia yetu, "mpira" ni kitu gani? Ukiisha upepo leo, tutabaki na nini?
2. Ni nani aliyekuvumilia ulipoonekana huwezi? Je, umemshukuru?
3. Vijana: mnataka kujulikana kwa nini zaidi ya mchezo au simu mliyonayo?
4. Ni nani aliyekosea ambaye bado hatujamkumbatia?

Sala

Baba, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yetu katika nchi hii ya ugeni. Utufundishe kuweka ndani ya watoto wetu yale yasiyoisha. Uwatie nguvu bibi na ndugu wanaotulelea watoto. Uwakumbuke dada zetu ambao kazi yao haionekani. Katika jina la Yesu, Amina.